Buibui Warukaji: Somo la Visiwa, Milima na Majina

Tunapozungumzia viumbe wa Kilimanjaro, mara nyingi tunaanza na wakubwa: tembo wanaopita upande wa Rombo, mbega wa msituni, ndege tai. Katika somo hili tunashuka hadi kwa kiumbe mwenye urefu wa punje ya mchele, ambaye karibu kila mmoja wetu anaishi naye nyumba moja bila kumjua kwa jina. Ni yule buibui mdogo anayetembea ukutani mchana kweupe. Ukimsogelea hakimbii mara moja kama buibui wengine. Hugeuka, akakutazama, kisha huruka.

Kwa Kiswahili anaitwa buibui mrukaji. Tutaona yeye ni nani, wataalamu wanampangaje, kwa nini visiwa na milima ni muhimu katika habari yake, na jambo hili linatuhusu nini sisi tunaoishi kwenye mteremko wa mlima huu.

1. Buibui mrukaji ni nani?

Katika mazungumzo ya kawaida tunamwita buibui "mdudu", na hakuna ubaya. Katika elimu ya viumbe, hata hivyo, mdudu ni yule mwenye miguu sita, kama nzi, siafu au panzi. Buibui ana miguu minane, na mwili wake una sehemu mbili: ya mbele, ambapo kichwa na kifua vimeungana, na ya nyuma, yaani tumbo. Ndugu zake wa karibu ni nge, kupe na utitiri.

Buibui mrukaji anatambulika kwa macho. Anayo manane kama buibui wengi, lakini mawili ya katikati mbele ni makubwa, mithili ya taa za gari. Macho hayo mawili huona umbo na rangi kwa usahihi wa kushangaza. Mengine sita huona zaidi mwendo: kitu kikitikisika pembeni au nyuma yake, yeye hugeuka kuelekeza macho makubwa pale.

Kila jicho kubwa limejengwa kama darubini ndogo. Lenzi yake haisogei, bali retina iliyo nyuma yake ndani ya mrija ndiyo inayosogezwa na misuli. Mwaka 2012 watafiti wa Japani walichapisha utafiti juu ya spishi iitwayo Hasarius adansoni, ambayo ni buibui wa majumbani. Walionyesha kwamba hupima umbali kwa kulinganisha picha mbili zinazotua katika tabaka tofauti za retina, moja safi na nyingine yenye ukungu. Walipomwangazia mwanga wa kijani aliruka sawasawa. Walipombadilishia mwanga mwekundu aliruka akaishia njiani, kwa sababu kipimo chake kilimdanganya.

Kuruka kwenyewe hakutokani na mapaja makubwa kama ya panzi. Buibui huyu husukuma maji ya mwili wake kwa nguvu kwenye miguu ya nyuma, nayo hunyooka ghafla. Kabla ya kuruka hugandisha uzi wake mahali aliposimama, kama mpanda mlima anavyofunga kamba, ili akikosa asianguke mbali. Hatengi wavu wa kunasia mawindo. Uzi wake ni wa usalama, wa kushonea kifuko cha kulalia na wa kulindia mayai.

Kwa mwanadamu hana madhara. Hutamwona akikufuata, na hang'ati isipokuwa amebanwa kwenye ngozi.

2. Wanavyopangwa

Mkristo wa Tanzania amezoea ngazi: jumuiya ndogo ndogo, kigango, parokia, dekania, jimbo. Wataalamu wa viumbe nao wana ngazi zao. Spishi kadhaa zinazofanana kwa asili huwa jenasi moja, jenasi kadhaa huwa familia, familia huwa oda, na kuendelea. Buibui wote ni oda ya Araneae. Buibui warukaji wote ni familia moja ndani ya oda hiyo, iitwayo Salticidae.

Ulinganisho huo una kikomo. Mpaka wa parokia unaweza kuhamishwa kwa barua ya askofu kwa sababu ni mpaka wa utawala. Ngazi za viumbe zinajaribu kueleza ukoo: nani ametoka kwa nani. Kwa hiyo mfano bora kwetu ni ukoo wa Kichagga, ambapo mtu hawezi kuhamia ukoo mwingine kwa sababu tu anafanana nao sura. Ushahidi mpya wa damu ukipatikana, ndipo mpangilio unapobadilishwa.

Kutoa majina ya buibui kwa utaratibu tunaoutumia kulianza na Msweden Carl Clerck mwaka 1757, mwaka mmoja kabla ya kitabu cha Linnaeus ambacho ndicho mwanzo wa majina ya wanyama wengine wote. Wanaosoma Kilatini watafurahi kujua kwamba jina Salticus linahusiana na kitenzi saltare, yaani kurukaruka au kucheza ngoma. Jina hilo linamfaa mara mbili, maana dume anapomchumbia jike humchezea: huinua miguu ya mbele, huyumba kushoto na kulia, na kila spishi ina mtindo wake.

Leo Salticidae ndiyo familia kubwa kuliko zote za buibui. Ina spishi zaidi ya 6,000, yaani zaidi ya moja katika kila kumi ya buibui wote wanaojulikana. Orodha ya dunia ya buibui hutunzwa katika Makumbusho ya Historia ya Asili ya Bern, Uswisi. Mwaka 2022 orodha hiyo ilifikisha spishi 50,000, na aliyeitimiza hesabu hiyo alikuwa mrukaji, Guriurius minuano wa Amerika Kusini.

Mwaka 2015 Wayne Maddison, mtaalamu wa Kanada, alichapisha mpangilio mpya wa familia hii akitumia vinasaba pamoja na maumbile. Aliigawa katika nusufamilia saba. Sita kati yake ni ndogo na zina sura za kale. Asemoneinae ni wembamba, wenye miguu mirefu, wengine rangi ya kijani hafifu, wanaoishi chini ya majani; tunao Afrika. Spartaeinae wamo pia Afrika. Hisponinae wanaishi Afrika na hasa Madagaska, na mabaki yao yamekutwa ndani ya kaharabu ya Ulaya, ishara kwamba zamani walienea mbali zaidi. Lyssomaninae ni wa Amerika. Onomastinae na Eupoinae ni wa Asia. Nusufamilia ya saba, Salticinae, imebeba zaidi ya asilimia 90 ya spishi zote, na imegawanywa tena katika makabila mengi.

Mpangilio huu umetatua mafumbo ya zamani. Kwa mfano, warukaji wanaofanana na siafu au sisimizi walidhaniwa kuwa ukoo mmoja kwa sababu ya sura. Vinasaba vilionyesha kwamba kuiga sisimizi kumetokea katika koo mbalimbali, kila moja kwa njia yake.

Kutofautisha spishi moja na jirani yake ni kazi ngumu. Rangi hudanganya, kwa kuwa dume na jike mara nyingi hawafanani kabisa. Dume wa Plexippus paykulli ni mweusi mwenye mistari myeupe. Jike wake ni wa kahawia. Mara kadhaa wataalamu wamempa dume jina moja na jike jina lingine, kisha wakagundua ni mke na mume. Ndiyo maana hutegemea zaidi viungo vya uzazi vinavyotazamwa kwa hadubini.

3. Kisiwa ni nini?

Visiwa vya nchi za joto vina nafasi ya pekee katika somo hili. Kiumbe akifika kisiwani na kukatiwa njia ya kurudi, vizazi vyake hubadilika polepole hadi huwa spishi ambayo haipo kwingine. Kadiri kisiwa kilivyo cha kale na cha mbali, ndivyo wenyeji wa namna hiyo wanavyokuwa wengi.

Tazama visiwa vyetu. Unguja ilikuwa sehemu ya bara hadi bahari ilipopanda baada ya enzi ya barafu, miaka kama 10,000 iliyopita. Viumbe wake kwa sehemu kubwa ni ndugu wa wale wa pwani ya Bagamoyo. Pemba ina mkondo wenye kina kirefu kati yake na bara, na ilitengana mapema zaidi. Ndiyo maana ina wanyama wake wenyewe, kama popo mkubwa wa Pemba na bundi wake mdogo. Mbali zaidi ni Komoro, iliyotokana na volkano, na Shelisheli, ambako Mfini Michael Saaristo alichambua buibui wa kisiwa kimoja baada ya kingine.

Buibui hufikaje kisiwani bila mtumbwi? Watoto wa buibui wengi hupanda mahali pa juu, hutoa uzi mwembamba, nao upepo huwabeba. Mwaka 1832 Charles Darwin aliona buibui wadogo wakitua kwenye meli yake ikiwa maili kama 60 kutoka pwani ya Amerika Kusini. Na baada ya volkano ya Krakatau kulipuka mwaka 1883 na kuua kila kitu, mgeni aliyefika miezi tisa baadaye alikuta kiumbe hai mmoja tu: buibui mdogo akifuma wavu.

Sasa geuza macho kutoka baharini kuelekea huku kwetu. Msitu wa mlimani wenye ukungu, uliozungukwa na tambarare kavu, ni kisiwa pia. Kiumbe anayehitaji unyevu hawezi kutembea kutoka Usambara hadi Pare kupitia nyika ya Mkomazi, kama vile hawezi kuvuka bahari. Milima ya Tao la Mashariki, kuanzia vilima vya Taita nchini Kenya, kupita Pare, Usambara, Nguru na Uluguru hadi Udzungwa na Mahenge, ni funguvisiwa la nchi kavu. Mdenmaki Nikolaj Scharff aliandika mwaka 1992 juu ya buibui wadogo wa familia nyingine, Linyphiidae, katika milima ya Afrika Mashariki, akaonyesha kwamba spishi nyingi zimefungiwa kwenye mlima mmoja au milima michache.

Kilimanjaro si sehemu ya tao hilo la kale. Ni volkano, nayo ni changa ukilinganisha na Usambara. Viumbe wake wengi wa msituni walikuja kutoka milima jirani wakati misitu ilipokuwa inakaribiana. Mtaalamu wa panzi, Claudia Hemp, amefuatilia habari hiyo kwa miaka mingi katika panzi wa mlima huu. Kwa buibui, baadhi ya maandishi ya mapema yanatokana na safari ya Msweden Yngve Sjöstedt ya 1905 na 1906, aliyekusanya viumbe Kilimanjaro na Meru, hasa akiwa Kibonoto, yaani Kibong'oto ya leo. Buibui wake walielezwa na Albert Tullgren mwaka 1910.

Je, wanaweza kuishi juu kiasi gani? Katika Himalaya kuna mrukaji, Euophrys omnisuperstes, aliyekutwa kwenye kimo cha mita kama 6,700, juu kuliko kilele cha Kibo chenye mita 5,895. Hakuna mmea wa maana huko. Anaishi kwa wadudu wanaoletwa na upepo kutoka mabondeni. Jina lake la Kilatini lina maana ya anayesimama juu ya vyote.

4. Wasafiri na wenyeji

Kwa msomaji wa kawaida, mgawanyo wenye faida zaidi ni huu: wapo wasafiri, na wapo wenyeji.

Wasafiri ni wale walioamua kuishi na binadamu. Watatu ndio maarufu: Plexippus paykulli, Hasarius adansoni na Menemerus bivittatus. Wote hupenda kuta, madirisha na paa. Wamesafiri kwa majahazi na meli, ndani ya mizigo, hadi wakaenea karibu nchi zote za joto. Ukiwaona ukutani Moshi mjini, ujue unaweza kuwakuta pia Mombasa, Komoro na visiwa vya Pasifiki. Wataalamu wengi wanaona asili yao ni Afrika na nchi za jirani. Hawa hawana shida. Nyumba zikiongezeka, nao wanaongezeka.

Wenyeji ni wa namna nyingine. Wanahitaji jani la mti fulani, unyevu wa kimo fulani, au kigogo chenye kuvu. Huyu akikatiwa msitu hahamii ukutani. Anakwisha.

Hapa ndipo penye hatari. Mtu anaweza kuhesabu buibui shambani, akapata wengi, akasema mambo ni mazuri. Lakini kama wote ni wasafiri watatu wale wale, amehesabu umati wa wageni katika nyumba ambayo wenyewe wameondoka. Idadi ya buibui haitoshi. Swali ni nani waliopo. Na swali hilo halijibiki bila majina.

5. Majirani wa Ziwa Viktoria

Mfano unaoonyesha thamani ya jina uko Mbita, Kenya, kando ya Ziwa Viktoria, kwenye kituo cha ICIPE, taasisi ya utafiti wa wadudu iliyoanzishwa na Mkenya Thomas Odhiambo mwaka 1970. Huko Robert Jackson wa New Zealand na wenzake walichunguza mrukaji mdogo wa kahawia anayekaa kwenye kuta za nyumba na majani ya jirani. Mwaka 2003 Jackson na Mpolandi Wanda Wesołowska walimpa jina: Evarcha culicivora, yaani mla mbu.

Mwaka 2005 utafiti wao ulieleza jambo ambalo halijawahi kujulikana. Buibui huyu hupenda damu ya wanyama wenye uti wa mgongo, lakini hana mdomo wa kuinyonya. Kwa hiyo humwinda mbu jike aliyekwisha kunywa damu. Akiwekewa mbu aliyeshiba damu na mwingine asiye nayo, humchagua wa kwanza. Zaidi ya hapo, hupendelea Anofelesi, mbu anayeeneza malaria, na watoto wake wadogo humtambua kwa jinsi anavyokaa ameinua tumbo. Mwaka 2011 walionyesha pia kwamba huvutwa na harufu ya soksi zilizovaliwa na mtu, kwa sababu palipo na mtu ndipo mbu wanapopatikana.

Tusitie chumvi. Buibui huyu hajulikani kuwepo kila mahali, wala hataondoa malaria Kahe au Himo. Chandarua chenye dawa, kupima na kutibiwa mapema vinabaki pale pale. Lakini fikiria: kwa vizazi vingi watu wa Mbita waliishi naye, wakimfagia pamoja na utando. Kabla ya mwaka 2003 alikuwa "buibui tu". Baada ya kupewa jina, ndipo tabia zake zilipoweza kuandikwa na mwingine akazihakiki.

Karibu na ziwa hilo hilo yupo Myrmarachne melanotarsa, anayeiga sisimizi. Wengi wa jamaa zake hukaa peke yao. Huyu hukaa kwa makundi, vifuko vyao vikiwa vimeshonwa pamoja, nao hula mayai na watoto wa warukaji wengine, ambao hukimbia wakidhani ni kundi la sisimizi. Na yupo Portia, wa nusufamilia ya Spartaeinae, aliyeenea Afrika Mashariki hadi Komoro na Madagaska. Yeye huwinda buibui wenzake. Huingia kwenye wavu wa mwingine na kuutikisa kama mdudu aliyenaswa, hadi mwenye wavu anapokuja mwenyewe kuliwa.

6. Mlima unaotengwa

Turudi nyumbani. Wazee wa Mwika wanaujua vizuri ukanda wa "nusu maili", sehemu ya msitu iliyotengwa mwaka 1941 kwa matumizi ya wananchi. Juu yake ni msitu ambao tangu 2005 umo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro. Chini yake ni vihamba: migomba, kahawa na magimbi chini ya miti mirefu. Mtaalamu wa mimea Andreas Hemp alihesabu katika vihamba vya mlima huu spishi za mimea zipatazo 520, na sehemu kubwa hazikupandwa na mtu. Kihamba cha namna hiyo ni chakula chetu, na ni daraja pia. Kiumbe cha msituni kinaweza kushuka ndani yake kikapata kivuli na unyevu.

Mwaka 2018 Andreas na Claudia Hemp waliandika kwamba madaraja ya uoto yaliyouunganisha Kilimanjaro na maeneo ya jirani yanakatika kwa sababu ya mashamba na makazi. Mlima unazidi kuwa kisiwa. Kisiwa kilichojitenga kwa mamilioni ya miaka hutajirika kwa spishi mpya. Kisiwa kinachotengwa ndani ya umri wa mtu mmoja hupoteza hata alizo nazo, maana aliyekufa hapa hapati wa kuja kujaza nafasi yake.

Tunapokata miti ya kivuli kihambani ili tupande mahindi matupu, au kunyunyiza dawa kila mara bila kuona kwanza kama wadudu waharibifu wapo, tunakata sehemu ya daraja hilo. Dawa nayo haimchagui mwharibifu. Humwua na mrukaji aliyekuwa anamla.

7. Tufanye nini?

Kazi ya kuanza nayo haihitaji fedha. Chagua ukuta mmoja wa nyumba na mgomba mmoja au mkahawa mmoja. Vitazame kwa robo saa, asubuhi jua likiwa limetoka, kwa wiki nne. Andika tarehe, mahali, kimo kama unakijua, mmea aliokuwepo buibui, na alichokuwa anafanya. Mpige picha kwa simu kutoka mbele ili macho yaonekane, na kutoka juu ili alama za mgongo zionekane. Baada ya mwezi linganisha wa ukutani na wa majani. Utaona kwa macho yako tofauti ya msafiri na mwenyeji. Usimwue wala kumhamisha, na kumbuka kwamba kukusanya viumbe ndani ya hifadhi kunahitaji kibali.

Nyumbani, fagia utando wa zamani upendavyo, mrukaji hautumii. Yeye mwache.

Maswali ya kujipima na kujadili

1. Taja mambo mawili yanayomtofautisha buibui mrukaji na buibui anayetega wavu.
2. Kwa nini wataalamu hawategemei rangi peke yake kutofautisha spishi?
3. Eleza kwa nini Pemba ina wanyama wake wenyewe kuliko Unguja, kisha tumia maelezo hayo kulinganisha Usambara na Kilimanjaro.
4. Katika kihamba chenu, ni miti gani ya kivuli iliyokuwepo miaka kumi iliyopita ambayo leo haipo? Ni ipi inayoweza kurudishwa msimu huu wa mvua?